Raia, Mtu, Mkazi: Mawakili wa Jamii Nchini Kenya na Haki ya Kusikilizwa

NCHI JIRANI
Maandishi ya kipindi kwa vikundi vya wasikilizaji

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Kama mwenzako hajui kusoma, tafadhali msomee kwa sauti. Kipindi hiki ni chenu wote.

Leo tunakwenda Kenya. Tutazungumza historia ya watu wanaoitwa mawakili wa jamii na wenzao, wasaidizi wa kisheria. Hawa ni watu wanaokaa karibu na wananchi na kuwaeleza sheria kwa lugha wanayoielewa, ili wakienda kwenye mkutano wa hadhara wajue wanachodai na kwa nini wana haki ya kukidai.

Najua swali lililo kichwani mwako. "Mimi ni mkimbizi. Sipigi kura hapa. Mambo ya serikali za mitaa yananihusu nini?" Ni swali la haki. Naomba ulishike mpaka tufike mwisho wa historia hii, kwa sababu majaji wa Kenya nao wameulizwa swali linalofanana na hilo, na majibu yao yamegusa maisha ya wakimbizi wengi.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA KWANZA: BARAZA LA CHIFU

Ukiwauliza wazee wa Kenya kuhusu mikutano ya zamani, wengi watakutajia baraza la chifu. Wakoloni Waingereza waliwapa machifu mamlaka makubwa kwa sheria ya mwaka 1912. Chifu aliweza kuamuru watu wakatengeneze barabara, aliweza kuzuia pombe, na aliweza kuita watu wote mbele yake. Watu walikuja, wakaketi chini ya mti, wakaambiwa amri mpya, wakarudi nyumbani. Aliyesimama kuuliza maswali mengi alionekana mkorofi.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Bendera ilibadilika, lakini sheria nyingi za aina hiyo zilibaki. Sheria ya machifu ilibaki. Sheria iliyotaka watu waombe kibali kabla ya kufanya mkutano wa hadhara ilibaki pia. Maana yake, wanakijiji wakitaka kukutana wenyewe kuzungumza juu ya ardhi yao au maji yao, ilibidi kwanza waombe ruhusa kwa serikali ileile waliyotaka kuilalamikia.

Mwaka 1982 Bunge lilibadilisha Katiba na kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, chama cha KANU. Mwaka 1988 wapiga kura wa mchujo wa chama hicho hawakutumia karatasi za siri. Walipanga mstari nyuma ya wagombea au mawakala wao, kila mtu akionekana amesimama wapi. Wakenya wanakumbuka uchaguzi huo kwa jina la mlolongo. Fikiria, msikilizaji. Jirani yako anakuona. Chifu anakuona. Mwajiri wako anakuona. Mistari mingine ilikuwa mirefu, lakini aliyetangazwa mshindi ni yule wa mstari mfupi. Na watu walirudi nyumbani wakiwa wameona kwa macho yao wenyewe.

SEHEMU YA PILI: MAWAKILI WACHACHE

Katika mazingira hayo kulikuwa na mawakili wachache waliofanya kazi tofauti na wenzao. Mwaka 1973 mawakili waliokuwa na wasiwasi kuhusu maskini walianzisha Kituo cha Sheria jijini Nairobi. Jina lenyewe ni la Kiswahili na linajieleza. Wakili wa kawaida hulipwa na mteja, na mtu anayeuza mboga kando ya barabara hana pesa hizo. Kituo kilianza kuwasikiliza watu kama huyo, katika kesi za kufukuzwa nyumbani, za ardhi na za kazi.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya kesi moja moja: mpangaji huyu, mfanyakazi yule. Lakini mawakili wa namna hiyo waliona kwamba ukimtetea mpangaji mmoja leo, kesho anakuja mwingine mwenye shida ileile kutoka mtaa uleule. Chanzo kilikuwa maamuzi yaliyofanywa juu, mahali ambapo wakazi wa mtaa hawakuwahi kuulizwa.

Na kwenda mahakamani kupinga maamuzi hayo kulikuwa kugumu. Mfano mkubwa ni wa mwaka 1989. Wakati huo kulikuwa na mpango wa kujenga jengo refu la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, bustani ambayo watu wa kawaida huenda kupumzika siku ya Jumapili. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za Green Belt, alikwenda Mahakama Kuu kupinga. Jaji aliitupa kesi. Hakusema kwamba jengo ni zuri au ni baya. Alisema mama huyu hana haki ya kuleta kesi hiyo, kwa sababu bustani si yake na hakuna dhara linalompata yeye binafsi kuliko watu wengine.

Elewa maana ya uamuzi huo. Kitu kikiwa cha watu wote, basi hakuna mtu hata mmoja anayeweza kukitetea mahakamani. Kwa bahati nzuri kelele za wananchi ziliendelea, wafadhili wakajitoa, na jengo halikujengwa. Uhuru Park ipo mpaka leo, na Maathai alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Lakini mawakili walijifunza kwamba mlango wa mahakama umefungwa kwa wananchi wa kawaida, na kwamba kuufungua kunahitaji Katiba mpya.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1987 wakili Gibson Kamau Kuria aliwekwa kizuizini bila kesi, alipokuwa akichukua hatua dhidi ya serikali kwa niaba ya watu waliosema wameteswa wakiwa mikononi mwa polisi. Willy Mutunga, mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa amewekwa kizuizini tangu 1982 hadi 1983. Shika jina hilo la Mutunga. Baada ya Katiba mpya, mwaka 2011, mtu huyohuyo alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA TATU: WANJIKU ANAULIZWA

Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kilifutwa. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, wabunge wa pande zote walikubaliana kupunguza makali ya sheria za zamani. Kibali cha mkutano kikaondolewa, ikabaki kutoa taarifa kwa polisi. Mamlaka ya machifu nayo yakapunguzwa.

Katika miaka hiyo ya mjadala wa Katiba, Rais Daniel arap Moi aliuliza Wanjiku anajua nini kuhusu Katiba. Wanjiku ni jina la kawaida la mwanamke wa Kikuyu, na hapo lilimaanisha mwananchi wa chini asiye na elimu. Wakenya walilichukua jina hilo wakaligeuza kuwa la heshima. Tangu hapo, ukisikia Mkenya anasema "Wanjiku ameamua," anamaanisha wananchi wote.

Hapo ndipo kazi ya mawakili wa jamii ilipopanuka. Kumtetea Wanjiku mahakamani hakukutosha tena. Ilibidi Wanjiku mwenyewe ajue Katiba ni kitu gani, ili Tume ya Marekebisho ya Katiba ikifika kwake aweze kusema. Tume hiyo, chini ya Profesa Yash Pal Ghai, ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni. Mashirika ya sheria, makanisa, misikiti na vikundi vya wanawake walifanya mafunzo ya uraia mashuleni, sokoni na chini ya miti ileile iliyokuwa ya baraza la chifu. Safari hii mwananchi ndiye aliyesimama kuzungumza, na ofisa akaandika.

Usidhani mambo yalikwenda sawa. Rasimu iliyoletwa kwenye kura ya maoni tarehe 21 Novemba 2005 ilikataliwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya walipigana, zaidi ya watu 1,000 wakauawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kwa muda huo, Wakenya nao waliishi kwenye mahema ndani ya nchi yao. Wewe msikilizaji unaijua hali hiyo kuliko mtu yeyote. Ni baada ya maumivu hayo ndipo Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010.

Katiba hiyo inasema katika Kifungu cha kwanza kwamba mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Iliunda kaunti 47, kila moja na gavana wake na bunge lake dogo. Huo ndio ugatuzi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi na kushirikisha umma. Na Kifungu cha 22 kiliufungua ule mlango ambao Wangari Maathai aliukuta umefungwa. Sasa mtu anaweza kwenda mahakamani kutetea haki za msingi kwa niaba yake, kwa niaba ya wengine wasioweza, au kwa faida ya umma. Hatozwi ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na ikibidi mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi.

SEHEMU YA NNE: KODI YA KIAMBU

Magavana wa kwanza walichaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Kaunti zilihitaji pesa haraka, na nyingi zikapitisha sheria za fedha zenye ada mpya: ada ya soko, ya kuegesha gari, ya leseni, ya vibali.

Kaunti ya Kiambu, iliyo jirani na Nairobi, ilipitisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013. Wakazi wakaipinga mahakamani. Walisema hawakuulizwa. Kaunti ilijibu kwamba umma ulijulishwa. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Gakuru, na Jaji George Odunga alitoa hukumu tarehe 17 Aprili 2014. Aliifuta sheria yote.

Sababu zake zinastahili kusikilizwa vizuri. Jaji alisema haitoshi kutupa ujumbe mfupi hewani na kumwacha anayejali autafute mwenyewe. Bunge la kaunti lina wajibu wa kuwafuata watu mahali walipo. Akataja mahali hapo: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya hadhara, na vituo vya redio vya taifa na vya lugha za wenyeji. Sheria ikiwa ya kutoza watu pesa, alisema, wajibu huo unazidi kuwa mzito. Aliegemea pia hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 2006, ambapo sheria za afya zilirudishwa bungeni kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo.

Mimi kama mtangazaji nimefurahi kuona redio imetajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu. Lakini la muhimu ni hili: kuanzia hapo, kusikilizwa kulikuwa sharti. Kaunti isiyouliza inaweza kupoteza sheria yake yote.

Kuna mpaka hapo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza sura tu. Lakini haina maana kwamba kila ulichosema kitakubaliwa. Una haki ya kusikilizwa, na maoni yako yapimwe. Uamuzi unabaki kwa waliochaguliwa.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA TANO: RAIA, MTU, MKAZI

Sasa tulirudie swali lako, msikilizaji. Mkimbizi anaingia wapi hapa?

Mawakili wa jamii hufundisha kusoma sheria neno kwa neno. Nasi tufanye hivyo. Katika Katiba ya Kenya kuna maneno matatu ya kuangalia.

La kwanza ni raia. Kifungu cha 38 kinampa kila raia haki za kisiasa: kuunda chama, kugombea, kupiga kura. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkimbizi hamo humo. Tuliseme wazi ili mtu asidanganywe. Anayekuja kambini kukuambia umpigie kura au ununue kadi ya kura anakuingiza matatani.

La pili ni mtu. Kifungu cha 27 kinasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi rasmi kwa mamlaka za umma. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki ofisa anapofanya uamuzi juu yake. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inapozungumzia ombi kwa bunge la kaunti, nayo inasema mtu.

La tatu ni mkazi. Kifungu cha 184 kinataka sheria za miji ziweke njia ya wakazi kushiriki katika uongozi wa miji yao. Jambo hili si dogo, kwa sababu Kakuma, mahali palipofunguliwa kambi mwaka 1992, sasa imepewa hadhi ya manispaa.

Je, maneno haya yana nguvu kweli, au ni wino tu? Tuangalie kilichotokea.

Tarehe 18 Desemba 2012 serikali ya Kenya iliagiza wakimbizi wote waishio mijini wahamie kambini. Watu wenye maduka Nairobi, wenye watoto shuleni, wenye wagonjwa hospitalini, wote waende Kakuma na Dadaab. Kituo cha Sheria, kilekile kilichozaliwa 1973 kwa ajili ya wapangaji maskini wa Nairobi, kilikwenda Mahakama Kuu pamoja na wakimbizi saba. Tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja aliifuta amri hiyo. Alisema inavunja haki ambazo Katiba imempa kila mtu, ikiwemo utu na haki ya kutendewa kwa utaratibu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye.

Mei 2016 serikali ilitangaza kuvunja idara ya wakimbizi na kufunga kambi ya Dadaab. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Kituo cha Sheria walikwenda mahakamani. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo alisema amri hiyo ni kinyume cha Katiba na ya kibaguzi, kwa sababu ililenga wakimbizi wa Kisomali. Dadaab haikufungwa siku hiyo.

Tazama jinsi mambo yalivyoungana. Wananchi wa Kenya walipigania Katiba hiyo kwa ajili ya ardhi yao, kura zao na kodi zao. Walipoandika "kila mtu" hawakuwa wakifikiria hema lako. Lakini mawakili walioshiriki safari hiyo walijua neno hilo lina upana gani, na siku ilipohitajika wakalitumia kumtetea mgeni.

Pia nisikufiche upande mwingine. Ushindi wa 2013 haukumaliza mambo. Machi 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, serikali iliagiza tena wakimbizi warudi kambini. Kesi iliyofunguliwa safari hiyo ilishindwa. Aprili polisi waliwakamata maelfu ya watu mtaani Eastleigh, na wengi wakapelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani. Sheria inaweza kukulinda mwezi huu, na mwezi ujao ikabidi upiganie tena kitu kilekile.

SEHEMU YA SITA: KAZI YENYEWE INAVYOFANYIKA

Hukumu kubwa zinatangazwa kwenye habari. Kazi ya kila siku haitangazwi. Nchi nzima mawakili hawatoshi, na wengi wao wanakaa mijini. Ndiyo maana Kituo cha Sheria na mashirika mengine walianza kufundisha wasaidizi wa kisheria: mama wa soko, mwalimu mstaafu, kijana wa mtaa kama Korogocho. Si mawakili na hawaruhusiwi kujiita hivyo. Wanajua sheria za msingi, wanajua ofisi ipi inashughulika na nini, na wanajua wakati wa kumpigia simu wakili.

Kwetu tumezoea jambo linalofanana. Burundi kuna abashingantahe, wazee wa kilimani wanaosuluhisha ugomvi. Tofauti ni kwamba mzee anasuluhisha watu wawili waliokosana. Msaidizi wa kisheria anamsindikiza mtu mbele ya serikali.

Kitu cha kwanza anachofundisha ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha, kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kufikia 30 Aprili. Mtu anayekuja mwezi wa Juni kuomba kisima amechelewa, kwa sababu pesa zimeshagawanywa. Watu wengi hudhani wamekataliwa kwa chuki, kumbe walifika baada ya mlango kufungwa.

Kitu cha pili ni kuandika ombi. Ombi kwa Bunge la Kenya linaweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Linaeleza shida ni ipi, juhudi gani zimeshafanywa mahali pengine, kama kuna kesi mahakamani juu ya jambo hilo, na mwisho kabisa mnaomba nini hasa. Asiyejua kusaini anaweka dole gumba. Msaidizi wa kisheria mzuri atakuuliza mara mbili na mara tatu: "Mnaomba nini?" Ombi linalolalamika kurasa nne bila kusema linataka nini huishia kwenye faili.

Chukua mfano wa kufikirika. Wanawake wanaouza samaki wakavu kwenye soko la mji ulio karibu na kambi, wakimbizi na wenyeji pamoja, wanasikia ada ya soko itapanda. Wakimbizi wanalipa leseni na ada kwa kaunti kama wenyeji. Wakisimama wakimbizi peke yao, watu watasema wageni wanagoma. Wakiandika ombi moja na wenyeji, lenye majina ya wote, linakuwa ombi la wauza samaki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyepewa jembe ana neno juu ya shamba.

Mwaka 2016 Kenya ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Inawatambua wasaidizi wa kisheria, na inawataja wakimbizi kwa jina miongoni mwa watu wanaoweza kupata msaada huo ikiwa hawana uwezo. Msaada huo hauuzwi. Ukikutana na mtu kambini anayekudai pesa ili "akusukumie faili", huyo ni dalali wa makaratasi. Usimpe pesa, wala usimwachie hati zako halisi.

SEHEMU YA SABA: NCHI YAKO, NCHI YAO

Unayenisikiliza labda huko Kenya. Labda uko Tanzania, na sheria za Kenya hazikufikii. Ni kweli. Kila nchi na Katiba yake. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 21, inatoa haki ya kushiriki katika utawala kwa raia. Lakini Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Na Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Kwa hiyo zoezi ni lilelile: mtafute anayejua, muulize sheria inasema raia, mtu au mkazi. Jibu la neno hilo moja linakuonyesha pa kusimama.

Kuna jambo la mwisho. Wengi wetu tuna nia ya kurudi nyumbani siku moja. Huko hatutakuwa wageni tena. Tutakuwa raia, na haki zote zinazokuja na neno hilo, pamoja na mizigo yake. Kijana aliyekulia kambini akawa hajawahi kuandika ombi, hajawahi kusimama kwenye mkutano akasema neno na kumsikiliza anayempinga, atarudi nyumbani na kukaa kimya kama watu wa baraza la chifu. Mkutano wa blok, kamati ya maji, kamati ya wazazi wa shule: hivyo si vitu vidogo. Ni mahali pa kujifunzia.

Kipindi hiki hakimwambii mtu ajiunge na chama wala apinge serikali ya nchi iliyotupokea. Kinakuambia tu kwamba kuuliza kwa heshima, kwa maandishi na kwa wakati wake, si kosa.

[Muziki]

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho mlipoitwa kwenye mkutano hapa kambini, mliulizwa maoni au mliambiwa tu? Nini kilitokea baadaye kwa yale mliyosema?

2. Jaji alitaja makanisa, misikiti, mabaraza na redio kama njia za kuwafikia watu. Kwenu hapa, ni njia ipi ingewafikia wazee, walemavu na akina mama wenye watoto wachanga?

3. Chagueni shida moja mnayoshirikiana na wenyeji: maji, kuni, soko au barabara. Andikeni sentensi moja tu inayosema mnaomba nini. Je, wenyeji wangekubali kuisaini pamoja nanyi?

4. Kuna mtu katika eneo lenu anayetoa msaada wa kisheria bila malipo? Kama mnamjua, waelekezeni wageni waliofika karibuni, kwa sababu wao ndio wanaodanganywa kwanza.

Ukimaliza maandishi haya usiyafungie sanduku. Mpe mwingine.